Kwa nini Stalin alimpigia simu Bulgakov, lakini Mandelstam akafia kambini?

1. Msomaji wa Ilala
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanisumbua katika historia ya waandishi wa Urusi enzi ya makomunisti, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mikhail Bulgakov hakuwa mtu wao hata kidogo. Alikuwa mtoto wa mwalimu wa theolojia wa Kiev, yeye mwenyewe daktari, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa upande wa jeshi la Weupe lililopigana na Wabolsheviki. Kufikia 1929 tamthilia zake zote zilikuwa zimeondolewa jukwaani. Tarehe 28 Machi 1930 akaiandikia serikali barua. Hakubembeleza, aliandika wazi kwamba yeye ni mwandishi wa tashtiti na kwamba kupigana na udhibiti ni wajibu wake. Akaomba mawili: ama aruhusiwe kuondoka nchini, ama apewe kazi kwenye jumba la maonyesho, hata ya kubeba vifaa vya jukwaani. Tarehe 18 Aprili simu ikalia nyumbani kwake. Stalin mwenyewe. Akapata kazi kwenye Jumba la Sanaa la Moscow, na alipokufa Machi 1940 ni maradhi ya figo yaliyomuua, kitandani kwake.

Sasa mtazame Osip Mandelstam. Novemba 1933 alitunga shairi fupi kuhusu Stalin. Hakulichapisha, wala karatasini hakuliweka. Aliwasomea watu wachache tu faraghani, na mmoja wao akalifikisha kunakohusika. Mei 1934 akakamatwa, akapelekwa uhamishoni. Mei 1938 akakamatwa tena, na tarehe 27 Desemba mwaka huohuo akafa kwenye kambi ya kupitishia wafungwa karibu na Vladivostok. Alikuwa na miaka 47.

Kipi kiliwatofautisha hawa wawili? Mimi naamini Stalin alikuwa msomaji wa kweli, na waandishi aliwaamulia mmoja mmoja kwa ladha yake. Tamthilia ya Bulgakov kuhusu familia ya Turbin aliipenda, inasemekana aliitazama zaidi ya mara kumi. Leteni hoja.

2. Kalamu Tatu
Mbona rahisi? Mmoja alimtukana, mwingine hakumtukana. Shairi la Mandelstam linataja vidole vinene kama mabuu na sharubu za mende. Bulgakov aliukosoa utawala, uso wa mtu hakuugusa. Mtawala wa aina ile husamehe la kwanza, la pili hasamehe. Uzi ufungwe.

3. Mwanafunzi wa Fasihi
Usifungwe. Kwa shairi lile lile lenye mende na mabuu, Mandelstam mwaka 1934 alipewa miaka mitatu ya uhamisho tu. Hakupigwa risasi, na mkewe Nadezhda aliruhusiwa kufuatana naye. Kwanza Cherdyn, kule Urali, ambako alijirusha dirishani hospitalini, halafu wakamwachia ahamie Voronezh. Amri iliyotoka juu inasimuliwa kuwa ilisema atengwe lakini ahifadhiwe.

Sasa, kama tusi ndilo lililomuua, mbona lilisubiri miaka minne? Na mwanzoni mwa 1937 alishatunga utenzi wa kumsifu Stalin. Yaani alipotukana alibaki hai, aliposifu ndipo akafa. Kalamu Tatu, hebu tueleze hapo.

4. Ngariba wa Hoja
Kalamu Tatu, moja imeshakatika. Zimebaki mbili.

5. Mzee wa Voronezh
Habari zenu vijana.

Nimeona jina la Voronezh nikashindwa kupita kimya. Mimi nilisoma mji ule miaka ya 1980. Tulikuwa wengi: Watanzania, Waethiopia, Waangola, watu wa Yemen. Tulianza na Kirusi kwenye kitivo cha maandalizi, na vitabu vya kiada vilikuwa na Gorky, Mayakovsky na Sholokhov. Tulikuwa tunapita mitaa ileile aliyoishi Mandelstam miaka mitatu, na darasani jina lake halikutajwa hata siku moja. Leo wamemsimamishia sanamu palepale.

Jina lake nililisikia kwa mwalimu wetu wa lugha, mama wa makamo. Siku moja alinikaribisha chai kwake, akafungua kabati la vyombo, na chini ya vitambaa vya meza akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi nyembamba kama za kusokotea sigara, zimepigwa taipu pande zote mbili bila kuacha pambizo. Ile nakala lazima ilikuwa ya tano au ya sita ya kaboni, maana herufi zilififia hadi "o" na "e" huzitofautishi. Akaniambia nisome palepale, nisitoke nayo. Kirusi changu kilikuwa bado kichanga, nusu ya mashairi hayakuniingia. Kilichoniingia ni namna alivyokuwa akiniangalia nikisoma. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na mistari, yote alikuwa nayo kichwani.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: tatizo lao halikuwa vitabu vilivyokatazwa tu. Hata vilivyoruhusiwa vilikuwa adimu. Kulikuwa na mpango wa kupeleka kilo 20 za karatasi chakavu ili upewe kuponi ya kununulia kitabu kinachogombaniwa, kama riwaya za Dumas. Tulikuwa tunakusanya magazeti bwenini, tunafunga kwa kamba, tunampelekea huyohuyo mwalimu. Hotuba za viongozi madukani zilijaa tele na hakuna aliyezipangia foleni.

6. Bint Pangani
Shikamoo mzee. Asante kwa hiyo bahasha, sikujua kwamba hata mgeni aliweza kuonyeshwa.

Ninachouliza: hizo nakala za kaboni polisi hawakuzifuatilia?

7. Mzee wa Voronezh
Marahaba binti. Walizifuatilia sana. Kesi kubwa ni ya Vasily Grossman. Huyu alikuwa mwandishi wa habari wa vita, alikuwepo Stalingrad, jeshini kila mtu alimjua. Aliandika riwaya kubwa iliyouweka unazi na utawala wa Stalin meza moja. Februari 1961 polisi wa siri, KGB, wakaja nyumbani kwake. Mtu hawakumchukua, walichukua riwaya. Nakala zote walizozipata, karatasi za kaboni, hadi tepe za mashine za kupigia chapa. Suslov, mkuu wa itikadi wa chama, akamwambia kitabu kile hakiwezi kutoka kwa miaka mia mbili au tatu. Grossman akafa 1964 kwa saratani. Lakini nakala alikuwa ameificha kwa rafiki, ikapigwa filamu ndogo, na mwaka 1980 kitabu kikatoka Lausanne.

8. Ngariba wa Hoja
Tepe? Tepe ya mashine inasomeka nini?

9. Mama Taipu
Hapo niachieni mimi. Nimekuwa katibu muhtasi miaka mingi kabla kompyuta hazijaingia ofisini.

Kaboni ikitumika mara moja, iinue kwenye mwanga wa dirisha: kila herufi imeacha alama yake na barua nzima unaisoma. Ofisini kwetu, barua ya siri ikishapigwa, kaboni ilichomwa mbele ya bosi. Tepe nazo ni za aina mbili. Ya kitambaa inarudi na kupita tena na tena, herufi zinalaliana, kusoma ni kazi. Ya plastiki inapita mara moja, ile unaisoma kama gazeti. Kwa hiyo waliokwenda kwa huyo Grossman walijua kazi yao.

Na jambo jingine: kila mashine ina mwandiko wake. Moja "a" yake imekaa juu kidogo, nyingine "t" imekatika mguu. Fundi mzuri akipewa karatasi anakutajia mashine iliyoipiga.

10. Mwanafunzi wa Fasihi
Mama Taipu amegusa penyewe. Romania ya Ceaușescu walilifanya sheria hilo. Amri ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye taipureta aisajili polisi na kupeleka mfano wa herufi zake. Aliyewahi kupatikana na hatia fulani alinyimwa kabisa ruhusa ya kuwa nayo. Yaani mashine ya kuandikia iliwekewa leseni kama bunduki.

11. Mkaazi wa Kibera
Mimi niko Nairobi na nina swali kwa nyote. Mbona mnasema kana kwamba ni makomunisti tu? Abdilatif Abdalla alifungwa hapa Kenya miaka mitatu kwa sababu ya kijikaratasi cha "Kenya: Twendapi?" Mashairi ya *Sauti ya Dhiki* aliyaandika kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni. Ngũgĩ naye aliwekwa gereza la Kamiti mwishoni mwa 1977 bila kesi, akaandika riwaya kwenye karatasi hizohizo. Serikali zetu hazikuwa za kikomunisti. Mtawala muoga ni mtawala muoga, chama chake kiitweni mtakavyo.

12. Msomaji wa Ilala
Mkaazi, mateso ya wale ndugu hatuyapunguzi. Ila angalia kilichofuata. Abdilatif alitoka 1972, na 1973 *Sauti ya Dhiki* ikachapishwa na Oxford palepale Nairobi. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi yenye jina la rais aliyekuwa madarakani alipofungwa! Mshairi wa Kirusi Anna Akhmatova alitunga *Rekwiemu* kuanzia 1935, mwanawe Lev akiwa anaingia na kutoka gerezani. Ilitoka Munich 1963, na nchini mwake ikasubiri hadi 1987. Mwenyewe alikuwa kaburini tangu 1966.

Tofauti ni nani mwenye mitambo. Kenya serikali ilikuwa na jela, lakini haikuwa na kila kiwanda cha uchapaji, kila duka la vitabu na kila mhariri. Kule vyote vilikuwa vya mwajiri mmoja, na tangu 1922 palikuwa na idara ya udhibiti, Glavlit, inayopitisha kila kinachochapwa, hadi vibandiko vya bidhaa.

13. Mkaazi wa Kibera
Nimekupata kuhusu mitambo. Ila hoja yako ya uzi ni ladha ya Stalin, siyo mitambo. Chagua moja.

14. Karani Mstaafu
Mimi nawaambia dawa ya swali hili iko kwenye nyumba. Ndiyo, nyumba za kuishi.

Aprili 1932 chama kikavunja vikundi vyote vya waandishi, na 1934 ukafanyika mkutano mkuu wa kwanza wa Chama kimoja cha Waandishi, Gorky akiwa mbele. Kuanzia hapo, ukiwa mwanachama una mfuko wa kukukopesha, una hospitali, una mapumziko, ukipendwa unapewa nyumba Peredelkino nje ya Moscow. Ukifukuzwa, huchapishwi na huna kipato. Na Moscow ya wakati ule familia nzima iliishi chumba kimoja, jiko wanachangia na majirani. Fikirieni wivu uliokuwepo!

Sasa, aliyemmaliza Mandelstam ni nani? Machi 1938, Stavsky, katibu wa Chama cha Waandishi, alimwandikia Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, akimwomba asaidie kulimaliza suala la Mandelstam. Malalamiko yalikuwa kwamba mtu huyu amemaliza uhamisho wake, anakuja Moscow kwa marafiki, waandishi wanamchangia fedha na kumfanya shujaa. Barua ya ofisi kwenda ofisi. Kwenye chanzo cha jambo Stalin hayumo kabisa. Waandishi walimalizana wenyewe, serikali ikaweka muhuri.

15. Kalamu Tatu
Karani, hiyo nzito. Lakini Bulgakov naye alikuwa na maadui lukuki. Alikata vipande vya magazeti vilivyomshambulia akavihesabu: karibu 300 vya kumtukana na vitatu vya kumsifu, na hesabu hiyo ameiweka mwenyewe kwenye ile barua ya 1930. Mbona hao hawakummaliza?

16. Karani Mstaafu
Kwa sababu 1930 si 1938.

17. Mtu wa Takwimu
Hapo ndipo jibu lilipo, ingawa Karani amelipita mbio. Julai 1937 ilitoka amri namba 00447, iliyopangia kila mkoa idadi ya watu wa kupigwa risasi na wa kupelekwa kambini. Maofisa walilazimika kutimiza hesabu, na wengi waliomba waongezewe. Mtu aliyekwisha kuwa na jalada polisi alikuwa wa kwanza kutazamwa. Mandelstam alikuwa na jalada. Boris Pilnyak akapigwa risasi Aprili 1938. Isaac Babel akakamatwa Mei 1939, akapigwa risasi Januari 1940, na miswada iliyochukuliwa kwake haijaonekana hadi leo. Hao hawakumtungia Stalin shairi la sharubu. Kutafuta sababu ya kila mmoja ni kuipa mashine ile akili isiyokuwa nayo. Ilikuwa bahati nasibu yenye risasi.

18. Bint Pangani
Mtu wa Takwimu, nakubali nusu. Bahati nasibu haikupigii simu. Bulgakov alipigiwa, na mshairi Boris Pasternak naye alipigiwa Juni 1934, tena kuhusu huyohuyo Mandelstam. Inasimuliwa Stalin alimuuliza kama Mandelstam ni bingwa au si bingwa. Pasternak akazungukazunguka, akasema anataka waonane wazungumze juu ya uhai na kifo, na simu ikakatwa. Maisha yake yote watu walimsema kwamba hakumtetea rafiki yake vya kutosha. Halafu 1958 akapewa Nobel, wakamfukuza nchini.

19. Mwanafunzi wa Fasihi
Dada, sahihisho. Hakufukuzwa nchini, alifukuzwa kwenye Chama cha Waandishi. Walitishia kumfukuza nchini, akamwandikia Khrushchev, kiongozi wa nchi wakati huo, kwamba kuondoka kwake Urusi ni sawa na kufa. Tuzo aliikataa kwa telegramu. Akafa Peredelkino Mei 1960. Aliyelipa kwa jela ni Olga Ivinskaya, mpenzi wake, aliyekwenda kambini mara mbili, ya pili baada ya yeye kufa. Waliofukuzwa nchini ni wengine: Brodsky 1972, Solzhenitsyn 1974.

Na ile simu ina masimulizi zaidi ya kumi yanayotofautiana, kwa hiyo tusishike neno moja tukalijengea nyumba.

20. Bint Pangani
Sawa kwa hilo la Chama. Hoja yangu haijaguswa: kwa nini apige? Nawapa maelezo yangu. Mshairi Mayakovsky alijiua tarehe 14 Aprili 1930 na kuzikwa tarehe 17. Simu kwa Bulgakov ni tarehe 18. Serikali iliyojiita ya wafanyakazi na wakulima haikutaka maiti ya pili wiki hiyohiyo, hasa ya mtu aliyetoka kuandika kwamba amekata tamaa. Ladha ya Stalin mnaipa sifa ambayo ni ya kalenda.

21. Ngariba wa Hoja
Hii sasa ndiyo hoja. Msomaji wa Ilala, ladha yako ipo mahututi.

22. Mpwani Asili
Assalaam aleikum. Mmeongea mengi kuhusu karatasi na tepe. Mimi la Akhmatova ndilo lililonikaa.

Rafiki yake Lydia Chukovskaya ameeleza walivyofanya. Akhmatova aliogopa kuta zina masikio. Akiwa na beti mpya alisema kwa sauti jambo la kawaida, labda chai au hali ya hewa, huku akiandika mistari haraka kwenye kipande cha karatasi. Anampa Lydia. Lydia anasoma kimya, anashika kwa moyo, anarudisha. Akhmatova anawasha kiberiti, anachomea juu ya kisahani cha majivu. Shairi limebaki kwa wanawake wachache tu. Nadezhda alizihifadhi hivyohivyo tungo za mumewe, akizirudia asije akasahau.

Sisi pwani tunajua thamani ya hilo. Tungo nyingi za Muyaka wa Mombasa zilikaa vinywani mwa watu miaka baada ya yeye kufa, mpaka Mwalimu Sikujua akazikusanya. Ila wetu walihifadhi kwa mapenzi, wakiimba hadharani. Hawa walihifadhi kwa hofu ya kufungwa. Na ninavyoona, kilichowatisha watawala ni hicho hasa. Riwaya unaikamata, unachukua na tepe yake. Beti kumi na sita zikishaingia kifuani mwa mtu utazitoaje? Kwa hiyo mshairi alikuwa hatari kuliko mwandishi wa tamthilia, ambaye bila jukwaa la serikali hana lolote.

23. Mwanafunzi wa Fasihi
Mistari kumi na sita, si beti. Ila hoja imesimama. Nayo inagongana na ya Bint Pangani, maana Pasternak alikuwa mshairi na aliachwa.

24. Kalamu Tatu
Pasternak alikuwa akitafsiri washairi wa Georgia, kwao Stalin. Stalin mwenyewe ujanani alichapisha mashairi kwa Kigeorgia, mwaka 1895, kwenye gazeti la *Iveria* la Tiflis, yaani Tbilisi ya leo. Hilo linaweza kumkinga mtu.

25. Mtu wa Takwimu
Ugeorgia haukumkinga hata Mgeorgia. Titsian Tabidze, ambaye Pasternak alimtafsiri na alikuwa rafiki yake wa karibu, aliuawa 1937. Paolo Yashvili alijipiga risasi Julai mwaka huohuo ndani ya jengo la Chama cha Waandishi kule Tbilisi.

26. Ngariba wa Hoja
Imekatika ya pili.

27. Mswahili wa Addis
Mmeanza hadithi katikati wakuu. Mnamsema Stalin tu, wakati mshairi Nikolai Gumilyov alipigwa risasi Agosti 1921, Lenin akiwa hai. Alituhumiwa kuwa kwenye njama dhidi ya serikali. Ndiye mume wa kwanza wa Akhmatova na baba wa huyo Lev.

Nimemtaja pia kwa sababu alikuwa mtu wa huku. Alifika Abisinia mara kadhaa, na safari ya 1913 alitumwa na makumbusho ya St Petersburg kukusanya vifaa na kupiga picha. Harar alikutana na Ras Tafari, huyo aliyekuja kuwa Haile Selassie, akampiga picha. Basi kama ni ladha ya Stalin, 1921 ilikuwa ladha ya nani?

28. Kijana wa Shule
Kuhusu mada hii mimi nimesoma *Shamba la Wanyama*. Huyo mwandishi naye alifungwa Urusi?

29. Mwanafunzi wa Fasihi
Hapana mdogo wangu. Orwell alikuwa Mwingereza na hakuwahi kuishi Urusi. Kwa Kiswahili ni tafsiri ya Kawegere, ya 1967. Kisome tena, halafu utafute walioishi ndani yake.

30. Msomaji wa Ilala
Nashukuru kwa michango, hasa bahasha ya mzee na kaboni za Mama Taipu.

Hoja ya kalenda ya Bint Pangani ni nzuri kwa 1930, lakini haielezi 1932. Mwaka huo tamthilia ya familia ya Turbin ilirudishwa jukwaani, Mayakovsky akiwa amezikwa zamani, na ikaendelea kuchezwa miaka yote ya risasi. Hapo kuna mtu aliyeipenda. Wala sisemi mapenzi yake yalikuwa ulinzi. Mwaka 1939 Bulgakov aliandika tamthilia kuhusu ujana wa Stalin mwenyewe. Agosti akapanda treni na wenzake kwenda Georgia kufanya utafiti wa maonyesho, na hawajafika mbali na Moscow telegramu ikawakuta: kazi imefutwa, rudini. Baada ya hapo macho yakaanza kumpotea, na riwaya yake kubwa aliimalizia kwa kumwamuru mkewe Elena aandike anayoyasema. Elena akaikalia hadi jarida la *Moskva* lilipoichapa 1966 na 1967, tena ikiwa imekatwa vipande.

Tena kuna Sholokhov. Mwaka 1933 alimwandikia Stalin akimweleza njaa ya eneo la Don na jinsi maofisa walivyowatesa wakulima, Stalin akajibu na nafaka ikapelekwa. Yeye hakuguswa. Takwimu, hesabu za mikoa zinamwelezaje huyo?

31. Mtu wa Takwimu
Sholokhov alikuwa mwandishi wao wa kuonyesha duniani, huyo hawezi kuwa kipimo. Nipe mwandishi wa kawaida, asiye na jina nje, aliyeandika barua kama ile akabaki salama.

32. Karani Mstaafu
Na utapoleta jina, leta na anwani aliyokuwa akiishi na nani alihamia chumba chake.